Kigari Kilichong'olewa Kiti

Ndugu zangu, leo naomba wenye magari wanivumilie kidogo. Nawaona kule nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, ila msiniache njiani.

Kulikuwa na kijana mmoja huko Mbeya, tumwite Ambokile. Alifanya kazi kwenye ghala la mbolea, hajaoa, akiishi na mama yake mjane. Kijana huyu alijinyima mpaka akanunua gari. Kigari kidogo chekundu, kile kifupi cha nyuma, kama mtu amekikata na panga. Siku alipokifikisha nyumbani, mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha kabisa, alikizunguka akikipapasa, kisha akasema, "Ambokile baba, basi Jumapili sitembei tena!"

Na kweli hakutembea. Kila Jumapili mama alikaa kiti cha nyuma, kitenge kimenyooshwa, mkoba mapajani, akiwapungia watu mkono kama mke wa waziri. Njiani waliokota majirani, wakabanana humo humo, wakafika kanisani nyimbo zimeshaanza garini.

Sasa mjini kulikuwa na kikundi cha vijana wenye vigari kama hivyo. Jumamosi walikutana uwanjani, maboneti wazi, kila mmoja akionyesha alichofunga. Sina ubaya nao. Ni vijana wazuri, mmoja akifiwa wanafika wote. Lakini siku Ambokile alipokwenda mara ya kwanza, mmoja alichungulia ndani ya gari lake akauliza, "Kaka, hii ni gari au ni teksi ya akina mama?"

Wakacheka wote. Ambokile naye akacheka. Ila kile kicheko kilimwingia.

Akaanza na rimu. Rimu zikataka matairi mapana. Matairi mapana yakafanya gari lionekane limeinuka vibaya, ikabidi springi zishushwe. Akafunga ekzosi kubwa, ikawa akiwasha gari asubuhi mbwa wa mtaa mzima wanamwitikia. Akafunga turbo ya kuiongezea injini nguvu. Ndipo fundi wake, mzee Mwakibete, akamwambia, "Ukitaka liruke kweli, tupunguze uzito. Hiki kiti cha nyuma kina kazi gani? Wewe huna mke wala mtoto."

Ambokile alikitazama kile kiti kidogo. Akasema, "Ng'oa."

Kule mbele wakaweka viti viwili vya mashindano, vile vya kuzama, vyenye kingo zinazombana mtu mbavuni, na mikanda ya kukufunga kama mtoto mgongoni.

Nawauliza, kuna dhambi hapo? Mmesoma wapi amri inayosema usishushe springi? Kijana anafanya kazi, anapenda kitu chake, anakitunza. Mimi sioni dhambi. Tuendelee.

Jumapili iliyofuata mama alitoka na mkoba wake, akafungua mlango wa nyuma, akakuta bati tupu. Akakitazama kiti cha mbele, jinsi kilivyo chini kule. Akaufunga mlango taratibu. "Nenda tu, baba. Leo magoti yananisumbua, nitasikiliza ibada redioni."

Jumapili nyingine, redio. Na nyingine, redio. Watu wa kanisani wakimuuliza, Ambokile anajibu, "Mama amezeeka sasa, hapendi kutoka." Na alikuwa anaamini anachosema! Ndugu zangu, hakuwa anadanganya hata kidogo.

Ikafika siku ya mashindano ya kumtafuta mwenye gari lililotengenezwa vizuri kuliko yote. Mama alikuja na bajaji kumwona mwanawe. Na mwanawe akashinda! Wenzake wakambeba juu, akapewa kikombe, na mtangazaji akasema, "Sasa mshindi wetu atauzunguka uwanja na mtu anayempenda kuliko wote!"

Vijana wakaanza miluzi, wakijua ataitwa binti fulani. Ambokile akainua kikombe akapaza sauti, "Mama yangu!"

Uwanja ukalipuka.

Mama akaja, aibu na furaha vimemjaa usoni. Akatanguliza mguu, goti likagoma. Akatanguliza kichwa, kilemba kikabaki nje. Mwisho akageuka, akajiachia kinyumenyume, puu! Akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu. Wakamfunga mikanda yote. Gari likanguruma, wakazunguka, na mama akapiga vigelegele mpaka ekzosi yenyewe haikusikika.

Kumtoa ndiko kulikuwa kazi. Huyu kashika mkono, yule kwapa, mwingine anasukuma kiti. Mama anapiga kelele, "Vuteni, lakini msinivunje, bado nina viazi shambani!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mama alicheka kuliko wote.

Alipokwisha kusimama, anatafuta pumzi, Ambokile akamshika bega. "Mama, kumbe gari unalipenda hivi! Mbona kwenda nami kanisani unagoma?"

Mama akajifuta machozi ya kicheko. Hakuwa na hasira hata chembe. "Sijagoma, baba. Nilifungua mlango, sikuona pa kukaa. Nikajua mtoto amekua, anaona vibaya kuniambia kwa mdomo."

"Mama! Mimi sikusema hivyo!"

"Najua hukusema," mama akajibu. "Ndiyo maana na mimi sikuuliza."

Ambokile alisimama na kikombe chake mkononi, watu bado wanampigia makofi. Zile Jumapili zote mama alikuwa amekaa peke yake na redio, akiamini mwanawe wa pekee amemwachisha safari kwa adabu. Na yeye akipita mitaani na ekzosi yake, akiamini mama amechoka.

Jumatatu alikuwa gereji. "Nirudishie kiti cha nyuma," akamwambia fundi.

"Utaharibu mwendo," mzee Mwakibete akasema.

"Acha uharibike."

Kumbe kiti chenyewe kilishauzwa kwa kinyozi, wateja wanakikalia wakisubiri zamu. Ambokile ilibidi asubiri aliyekikalia aitwe kunyolewa ndipo kiti kibaki wazi, na akamnunulia kinyozi benchi jipya. Akakifunga. Springi akazipandisha. Rimu hakuzigusa, na ekzosi ikabaki vilevile, maana mama mwenyewe alikataa isitolewe. Alisema inampendeza, watu wajue kwamba anakuja. Jumapili iliyofuata waumini waliwasikia kabla ya kuwaona, wakatoka nje kumpokea.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tumetengeneza mengi, na tumetengeneza vizuri. Tumeweka vigae, tumenunua spika, tumehamisha ibada ya kwanza iwe saa moja asubuhi ili tupate muda wa mambo yetu. Nyumbani tumejenga, tumebadilisha makochi, tumepanga maisha yetu yaende kasi. Hatukumfukuza mtu. Nani hapa amemfukuza mtu? Hayupo. Ndipo penye hatari, kwa sababu aliyemfukuza mwenzake anajua alichofanya, anaweza kutubu. Sisi tutatubu nini, na hatuna habari?

Wazee wa kule bondeni hawaonekani tangu tubadilishe saa. Tunasema wamepoa. Nani amekwenda kuwauliza? Kaka yako haji tena kwako tangu uhamie nyumba ile mpya. Unasema ana wivu. Umemuuliza? Rafiki yako uliyekua naye, unasema amebadilika. Labda alifungua mlango, akatazama ndani, akaufunga taratibu ili asikuaibishe.

Nawaona mnataka kusema amina. Msiseme kwanza. Kila mmoja amtaje mtu wake moyoni. Ibada ikiisha, usimtumie ujumbe wa simu. Nenda ukae naye, muulize, na akikujibu usijitetee. Ile amina tutaisema Jumapili ijayo, watu wetu hao wakiwa wamekaa hapa katikati yetu.