Lubaba na Ua la Jabalini

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika nchi ya majabali aliishi mwanamke mchamungu, Lubaba binti Waddah, aliyekuwa mchuma mitishamba. Kaka yake, Ghalib, alikuwa kifungoni kwa kumkemea amiri hadharani juu ya dhulma zake.

Ikawa mama yake amiri ameshikwa na maradhi ya kifua. Tabibu akasema dawa yake ni ua adimu la zambarau liotalo katika nyufa za miamba ya juu, nalo halifai kitu mpaka lichanue. Amiri akamwita Lubaba. "Lilete kabla ya sala ya Ijumaa, nami nitamwachia kaka yako."

Lubaba akapanda siku mbili, magoti yakamchubuka. Alhamisi akalikuta ua moja tu, nalo bado limefumba. Akaketi kando yake, akala tende zake za mwisho. Mchunga mbuzi aliyekuwa akipita akamuuliza habari zake, naye alipomweleza, akamwonea huruma.

"Bibi, bondeni kuna maua yanayofanana kabisa na hili. Chuma moja, ukamtoe nduguyo. Amiri hajui tofauti."

"Amiri hajui," akajibu Lubaba, "lakini mgonjwa ndiye atakayelinywa."

Ijumaa ikaingia, ikatoka. Alilia kwa kumkumbuka kaka yake, lakini hakuondoka. Jumamosi asubuhi ua likachanua. Akalichuma, akauacha mzizi, akashuka.

Amiri alimpokea kwa ghadhabu. "Siku imepita. Ahadi imekwisha."

"Ahadi ni yako, ewe amiri, nawe utaulizwa. Dawa ni ya mgonjwa."

Akamkabidhi tabibu lile ua, kisha akaenda kuketi mbele ya lango la gereza. Bawabu akamfukuza, akarudi. Akamfukuza tena, akarudi tena.

Siku ya saba alikuja bikizee akitembea kwa mkongojo, na nyuma yake amiri, ameinamisha kichwa. Bikizee huyo alikuwa mama yake amiri, aliyepata nafuu kwa dawa ile.

"Fungua," akamwamuru bawabu. Kisha akamgeukia mwanawe: "Wewe ulihesabu siku, mwanangu. Huyu alihesabu pumzi zangu."

Ghalib akatoka, amekonda, akifinya macho kwa ukali wa jua. Lubaba akamshika mkono.

Ndugu zangu, siku ile kule mwambani Lubaba hakuahidiwa kwamba mambo yangeishia hivi. Alikuwa na njaa, na uongo ulikuwa karibu naye, rahisi, usio na shahidi. Mola aturuzuku uthabiti wa kukaa pale alipokaa.