Nafasi Moja kwenye Benchi la Sekela

Hadithi, ije. Ije na swali lake, jibu mtalileta ninyi mliokaa hapa.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Zawena alikuwa na mkono wa kuchora. Kidole chake kikitembea kwenye kioo cha simu, kinachotoka hapo hukisahau. Ambokile kinyozi alikuwa na mdomo, na kifua cha kutoogopa mtu. Mji mzima wa Lugembe ulipita kwenye kiti chake, na alilosema yeye asubuhi, jioni lilikuwa la watu wote. Bi Tumpale hakuwa na mkono huo wala kifua hicho. Yeye alijua kusoma, basi, tena polepole, kwa sababu darasa la watu wazima alilianza ana miaka hamsini na nane.

Na alikuwapo Sekela, mjane, ambaye hao watatu walimrudisha. Nafasi ya kuwapa anayo moja tu.

Sekela alikuwa mtu wa Kimya. Watu wa Kimya walikuwa wachache, nyumba tisa katika Lugembe yote. Hawapigi ngoma, hawana spika. Wanaingia kwenye nyumba yao ya ibada, wanakaa wawili wawili kwenye mabenchi mafupi, wanamwomba Mungu bila sauti. Kwao hakuna mtu wa kukaa peke yake. Anayekaa pembeni yako ndiye atakayekuuguza, ndiye atakayekuzika.

Mwaka ule mvua ikakata. Watu wakaanza: "Anayeomba kimya anaomba nini, kama si mabaya?" Maneno yakaota miguu. Asubuhi moja vijana wakapita na mkaa, wakachora duara jeusi kwenye milango yote tisa, na nyumba ya ibada wakaitia kufuli. Maana ya duara ilijulikana: hapa msinunue, msiuze, msisalimie. Nyumba nane zikahama. Ikabaki ya Sekela. Hata mwenzake wa benchi alipanda lori bila kuaga.

Mnajua upweke unaanzia wapi? Unaanzia kwenye salamu. Sekela alipita sokoni, watu wakainamia nyanya zao kama ndiyo kwanza wanaziona. Akipika ugali, mkono unapima wa wawili kwa mazoea, kisha anakula kiporo. Faraja yake ikawa simu. Aliiweka dirishani, maana mtandao ulishika hapo tu, akawa anatazama picha za watu wake. Majina hakuyasoma, kwenye darasa lile la watu wazima alikuwa amefika kwenye silabi, bado zinamkimbia. Watu aliwajua kwa picha. Kitambaa cha njano ni Atupele, mdogo wake. Ng'ombe ni muuza maziwa. Mkasi ni Ambokile. Hawakumwandikia kitu, lakini walikuwapo.

Sasa sikilizeni walichofanya wale watatu.

Zawena alikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Lugembe hajawahi kufika, na dini yake ni nyingine. Akaona picha ya mlango wenye duara inazunguka kwenye simu za watu. Akalichora upya duara lile, jeusi vilevile, akaliweka mahali pa picha ya uso wake, akaandika: "Mlango huu ni wetu." Wiki haijaisha, maelfu ya watu wasiomjua wakaweka kama yeye. Kelele zikafika kwa wakubwa, nao wakatuma watu na nyundo kuvunja kufuli. Muda wote huo Zawena alikuwa kitandani kwake, anatafuna karanga.

Ambokile alikuwa ng'ambo ya barabara. Mlango wa Sekela aliuona kila siku kwenye kioo chake cha kunyolea. Akatoa mkasi kwenye simu, akaweka duara. Kesho yake wateja wakaja watatu tu.

"Ambo, umeingia Kimya?" mmoja akamtania, sabuni imejaa kidevuni.

"Nikiingia Kimya, nani atakusimulia habari za kwako mwenyewe?"

Jioni kioo chake kikapigwa jiwe. Duara hakulitoa. Watu wakaona kinyozi bado yu hai, nao mmoja mmoja wakaweka: muuza maziwa, fundi cherehani, mwisho karibu mtaa mzima, hata vijana wa mkaa wakakosa pa kuanzia. Lakini barabara ile, hatua kumi na mbili, Ambokile hakuivuka. Kuweka duara aliweza. Kupiga hodi kulimshinda.

Asubuhi moja Sekela akasikia nyundo upande wa nyumba ya ibada. Akadhani wanabomoa. Akakimbilia dirishani kwa watu wake, na mtandao, uliokuwa umekata wiki nzima, ulikuwa umerudi. Mkasi haupo. Ng'ombe hayupo. Kitambaa cha njano hakipo. Kila alipogusa, duara. Lilelile la mlangoni kwake, limeshuka jina kwa jina mpaka chini.

Ungefikiri nini? Na yeye alifikiri hivyohivyo.

"Hata Atupele," akasema, na sauti yake ikamshtua, maana ilikuwa siku ya tatu hajaisikia. Akaifukia simu kwenye ndoo ya unga, akaanza kufunga mizigo. Lori linaondoka saa tano. Kufuli limevunjwa, sawa. Lakini nyumba ya ibada isiyo na muumini hata mmoja ni ghala tu.

Saa nne Bi Tumpale akafika. Darasani yeye na Sekela walikuwa dawati moja. Lakini siku ya mkaa Tumpale alifunga dirisha lake, na wiki tatu alikaa dawati jingine. Simu yake ya tochi, haina picha ya mtu yeyote.

"Hodi."

"Viti nimeshavifunga kamba."

"Nitakaa kwenye godoro. Nimefuata kalamu yangu ya risasi, usije ukaihamisha na wewe."

Sekela akaitafuta, akampa. Tumpale hakuinuka.

"Unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu. Wote wamenipaka mkaa, hata mdogo wangu." Akaichimbua simu, akaipuliza unga, akamwonyesha.

Tumpale akaiweka mbali na macho, kisha karibu. "Umesoma?"

"Nisome nini? Ni duara."

"Chini ya duara, mwenzangu. Mwalimu hakutufundisha kutazama picha. Soma."

"Am," Sekela akasema. "Ambo. Ki. Le." Akaziunganisha. "Ambokile."

"Hujafika kwenye nukta. Endelea."

"Na... mlango... wangu pia."

Wakashuka hivyo, jina kwa jina, vidole viwili kwenye kioo kimoja. Walipofika kwa Atupele, Sekela alisoma mara tatu, na ya tatu hakukwama popote: "Aliyemchora dada yangu amenichora na mimi."

Lori likapiga honi. Likapiga tena. Likaondoka.

Siku ya ibada ikafika, na nyumba mbili zilikuwa zimesharudi. Desturi ya Kimya ni hii: mtu aliyekuwa anapotea akirudishwa, aliyemrudisha hukaribishwa kwenye benchi lake, hata akiwa wa dini nyingine, na tangu hapo ni ndugu wa kuuguzana na kuzikana. Benchi ni fupi. Nafasi ni moja.

Na wote watatu wamekuja, hata Zawena, aliyepata habari hizi kwa simu. Wako mlangoni.

"Bila duara langu, kufuli lingekuwapo mpaka leo," anasema Zawena, miguu imevimba kwa safari.

"Duara lako ndilo lililomfungisha mizigo," anasema Ambokile. "Na wewe kilichovunjika kwako ni nini? Mimi kioo changu ni nusu."

"Na zile hatua kumi na mbili, mwanangu?" anauliza Bi Tumpale.

"Na dirisha lako, mama?"

Tumpale anaizungusha kalamu yake ya risasi vidoleni. 

Sekela ameshaingia, amekaa. Kiganja chake kiko upande ule mtupu wa benchi, na ubao una baridi. Akiinua mkono, yule atakayemwinulia ataingia, na wengine wawili watarudi walikotoka. Mkono hajauinua. Msimwulize, humo ndani hakusemwi neno. Ninyi mko nje, midomo mnayo.

Haya, wewe uliyenyamaza tangu mwanzo: ungekuwa ndiwe umekaa hapo, mkono ungemwinulia nani?