Mafiga ya Mama Madoa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipopika uji na kupigiana hodi kama sisi, kilikuwapo kijito kilichoshuka kutoka mlimani. Maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno. Ndani yake mlilala mawe makubwa na magogo, na nyuma ya kila jiwe aliishi samaki.

Wakaja Tembo na Nyati. Tembo alitaka mahali pa kuoga, akayang'oa mawe na magogo yote, akayatupa pembeni. Nyati alitaka mahali pa kugaagaa, akazikanyaga kingo mpaka zikabomoka. Maji yakatawanyika, yakawa ya kifundo cha mguu, vuguvugu, rangi ya chai ya maziwa. Samaki wakapungua, wakabaki wawili watatu.

Asubuhi moja Chiku, mama pimbi mdogo anayeweza kujificha nyuma ya sufuria, alikwenda kuteka maji. Akamkuta Madoa, samaki mwenye vidoa vyekundu ubavuni, amelala upande akihema.

"Dada Madoa, una nini?"

"Siku zangu zimekaribia, dada. Tumbo limejaa mayai na sina pa kuyaweka. Mara mbili nimezaa hapa. Mara mbili tope limewafunika wanangu kabla hawajafumbua macho. Nimechoka, Chiku. Safari hii ikipotea, sina nguvu ya nyingine."

Chiku akaweka kibuyu chini. Mwaka uliopita kitindamimba wake aliteleza akatumbukia majini, chubwi. Madoa ndiye aliyemsukuma kwa pua mpaka mchangani, kisha akaondoka zake bila kungoja shukrani. Mambo kama hayo mama hayasahau.

"Unahitaji nini?" akamuuliza.

"Mawe yangu. Magogo yangu. Maji yakipita kati ya mawe hukimbia, na yakikimbia huosha changarawe. Mimi hulaza wanangu kwenye changarawe safi. Halafu siku arobaini bila mguu wa mtu."

Chiku akaenda kwa Tembo, akamwomba kwa adabu. Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga mbavu, pwa pwa pwa.

"Nibebe mawe kwa ajili ya samaki? Hivi, Chiku, samaki naye ni mtu wa kumsumbukia?"

Chiku akarudi. Njiani akawaza, akawaza, akatabasamu.

Kesho yake akafuma pazia la majani, akalitundika kwenye njia ya kijito. Akawasha jiko mbele yake, akakaa akikoroga uji. Punde ardhi ikatikisika, dun, dun, dun.

"Hodi," akasema Tembo. "Napita kuoga."

"Shii. Hupiti, shemeji. Ndani kuna mwenye uchungu."

Tembo akasimama mguu mmoja juu. Akanong'ona, "Nani?"

"Mimi si mtu wa kutaja majina ya wazazi njiani."

Wakati huohuo, huko mbali milimani, Simba akanguruma. Tembo akaangalia milima. Akaangalia pazia. Akameza mate.

"Mke wa Simba?"

"Uji unashika chini huu," akasema Chiku, akaendelea kukoroga.

"Na mimi nimekuja mkonga mtupu," Tembo akasema kwa huzuni. "Aibu iliyoje. Anatamani nini?"

"Mafiga. Makubwa, yale yaliyotupwa pale. Ila anayataka ndani ya maji."

"Mafiga ndani ya maji?"

"Shemeji, mwenye uchungu hubishiwa? Mkeo alipokuwa na mimba alitamani nini?"

Tembo akainamisha kichwa. "Alikula kichuguu kizima. Na mlango wa jirani."

"Basi."

Tembo akayabeba mawe moja moja, macho chini asije akachungulia nyuma ya pazia, akayashusha taratibu mahali Chiku alipoonyesha kwa mwiko. Maji yakaanza kuimba kati yake. Hakuwa amemaliza vizuri Nyati akatokea, tope limemkauka mgongoni.

"Tembo, unafanya kazi za jikoni siku hizi?"

"Funga mdomo," Tembo akamnong'oneza. "Kuna mwenye uchungu. Mimi nimeleta mafiga. Wewe umeleta nini, hilo tope?"

Nyati akaona haya. "Mafiga bila kuni yana faida gani?" akasema. Akainamisha pembe, akasukuma gogo zima, kwaruu, kwaruu, likaanguka kukatiza kijito. Chini yake maji yakachimba shimo refu lenye kivuli. Tembo hakukubali kushindwa, akaleta gogo la pili. Nyati akaleta la tatu.

Jioni ile tope lote lilikuwa limeoshwa. Madoa akachimba changarawe kwa mkia, chapa chapa chapa, akalaza mayai yake, akayafunika. Chiku alikaa ukingoni akimwimbia polepole.

"Amejifungua salama," aliwaambia wale wakubwa asubuhi. "Sasa ni arobaini. Asipite mtu kwa mzazi. Maji mnywe kule chini."

Wakatii. Nani angethubutu kumkanyagia uani mke wa Simba? Majani yakaota tena kwenye kingo. Nyati akipita mbali alipita kwa ncha za kwato. Siku nyingine Tembo aliacha tawi la majani mabichi karibu na pazia, akaondoka bila kujitaja. Chiku aliliona, na moyo ukamlainika kidogo. Alilichomeka ukingoni, likashika mizizi.

Siku ya arobaini walikuja wameoga, wamepaka mafuta.

"Tumekuja kumwona mtoto," akasema Tembo.

Chiku akafungua pazia. Hapakuwa na simba.

"Yuko wapi?"

"Pigeni magoti."

Wakapiga magoti. Chini ya gogo, kwenye maji meupe kama kioo, vilicheza visamaki mamia, vyembamba kama sindano, na Madoa katikati yao.

"Samaki," akasema Nyati, akainuka. "Samaki! Arobaini nzima ninanyata kwa ajili ya samaki?" Akainua ukwato.

Chiku akaruka, akasimama chini ya ule ukwato. Hakusogea.

"Umetudanganya," akasema Nyati.

"Nilisema kuna mwenye uchungu, na alikuwapo. Ukubwa wake mliupima wenyewe."

Madoa akapanda juu ya maji. "Baba Nyati, kuni zako ndizo paa la wanangu," akasema. "Mara mbili nilizaa hapa, na sikuletewa hata jani."

"Hata jani?" akauliza Nyati.

"Hata jani."

Ukwato ukashuka polepole, nyuma ya Chiku, mahali pakavu.

Tembo alikuwa ametumbukiza ncha ya mkonga majini, na kisamaki kimoja kilikuwa kikiidonoa.

"Chiku," akanong'ona, "ananifanya nini huyu?"

"Anamsalimu babu yake wa mafiga."

Tembo hakuutoa mkonga mpaka jua likapanda. Nyati naye alilitazama gogo lake, akalitazama tena. "Lile la tatu halijakaa sawa," akasema. "Watoto wataumia." Akaenda kulinyoosha.

Tangu siku ile wanaoga kule chini, kwenye bwawa, na kila kijito kinapopoteza mawe yake kuna Tembo anayeulizia kama pana mzazi.

Uji umeiva na hadithi yangu imeiva, wanangu: mzazi hapimwi kwa ukubwa wa mwili wake.