Shavu la Bi Somoe

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu ambao hawajala. Rudieni. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo mmeitika. Kaeni basi, kunjeni miguu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo maji yalilala mtungini na mtungi ukalala mchangani, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanawake walifinyanga, wanaume walikata kuni, na watoto walikula udongo wakachapwa.

Kijiji kile kilikuwa na mila yake. Bibi harusi hakupewa jiko lake siku ya kuolewa. Hapana. Alifinyanga chini ya macho ya mama mkwe wake, na vyungu vyake vyote vikachomwa kwa moto mmoja. Vyungu vikitoka vizima, bibi harusi alipewa mafiga yake matatu, akawa mwenye nyumba. Vikipasuka, alijaribu tena. Vikipasuka mara ya tatu, basi, watu walisema moto umemkataa. Alikunja mkeka wake, akarudi kwao. Mume alie, mke alie, mkeka ulikunjwa.

Katika kijiji hicho aliolewa msichana mmoja, jina lake Siwema. Mama yake alikuwa mfinyanzi, bibi yake mfinyanzi, na yeye mwenyewe vidole vyake viliujua udongo kuliko vilivyojua ugali. Alimpenda mumewe, Mahimbo, naye Mahimbo alimpenda. Tatizo halikuwa Mahimbo. Tatizo lilikuwa mama yake Mahimbo, Bi Chiku.

Nisimsingizie Bi Chiku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na uoga wake ulitokea mdomoni. Akiona wingu, kelele. Kuku akipita karibu na vyungu, kelele. Kuku asipopita, kelele, kuku kaenda wapi!

"Siwema! Maji bado?"

"Tayari, mama."

"Siwema! Udongo bado?"

"Tayari, mama."

"Mbona unanijibu polepole?"

"Tayari, mama."

Siwema alikuwa na mengi ya kusema, lakini aliyameza. Asubuhi alimeza, mchana alimeza. Ikifika saa ya kula, ugali ulikosa pa kupita kwa sababu koo lilikuwa limejaa maneno. Akakonda, jamani. Kanga aliyokuja nayo ikawa inamzunguka mara mbili.

Na Mahimbo je? Mahimbo alikuwa na dawa yake. Akimsikia mama yake ameanza, alichukua shoka.

"Mimi naenda kukata kuni."

Kuni zikarundikana nyuma ya nyumba mpaka zikalipita paa. Watu waliopita walisema nyumba hii ina mwanamume mchapakazi. Hawakujua kwamba kila gogo lilikuwa ugomvi mmoja.

Ikafika siku ya moto wa kwanza. Vyungu vilikuwa vimekaa kivulini siku nne tu. Bi Chiku akaona wingu dogo, dogo kama kitambaa cha mkononi.

"Siwema! Mvua hiyo! Udongo uwahi ungali maji! Vyungu bado?"

Siwema alijua kabisa. Chungu cha siku nne kina maji tumboni, na maji yakikutana na moto hayasemezani. Akafungua mdomo aseme bado. Neno likafika kwenye ulimi, likaona uso wa Bi Chiku, likarudi lilikotoka.

"Tayari, mama."

Moto ukawashwa. Wuuu! Wuuu! Kisha Pa! Pa! Papapa! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo kijiji kizima kiliusikia mshindo wenyewe. Kikipasuka kimoja, vigae vyake viliruka na kuvunja jirani zake.

Mwezi uliofuata, moto wa pili. Wingu likaja, Bi Chiku akapiga kelele, Siwema akasema tayari. Wuuu! Wuuu! Pa! Pa! Papapa!

Ukabaki moto mmoja. Siwema akaingia ndani, akautazama mkeka wake. Akaukunja kabisa, ili siku ikifika asihangaike. Halafu akakaa juu yake akalia.

Sasa, vigae vya kijiji kile havikutupwa. Vilipelekwa kwa Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mkongwe kuliko wote, mfinyanzi aliyewafundisha wafinyanzi, na alikuwa na meno mawili, moja juu upande huu, moja chini upande ule, hayajawahi kukutana. Vigae alivitandaza uani kwake ili mvua ikinyesha asikanyage tope. Siwema akajitwika kapu la vigae, akaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwaga hapo, nilikuwa nimepungukiwa karibu na mlango." Bi Somoe akacheka. "Unaona kile chekundu? Bi Chiku alikileta alipokuwa bibi harusi. Alilia, mtoto yule! Wewe walau unalia kimya."

Siwema akashangaa. Hakuwahi kufikiri kwamba Bi Chiku aliwahi kulia.

Bi Somoe akaokota kigae, akakitazama katikati. Katikati palikuwa peusi.

"Hiki kiliingia motoni kibichi. Hukujua?"

"Nilijua, bibi."

"Ulijua! Ukasemaje?"

"Nikasema tayari."

Bibi akaacha kucheka. Akamvuta Siwema, akaweka shavu lake lenye makunyanzi juu ya shavu la msichana, kama mfinyanzi anavyopima chungu. Maana chungu kikiwa baridi shavuni, bado kina maji. Kikiwa na joto la kivuli, kimekauka. Shavu halidanganyi.

"Baridi," akasema. "Mbichi ni wewe mwenyewe, mwanangu. Umejaa maji. Siku ukikutana na moto utapasuka, na vigae vyako vitawakata walio karibu. Na aliye karibu zaidi ni Mahimbo wako."

Siwema akauliza, "Basi nimjibu, bibi? Na mimi nipige kelele?"

"Udongo mbichi ukiutupa ukutani, unaganda ukutani. Nani atasugua?"

"Sasa nifanye nini?"

"Ukaushe kivulini. Neno likikupanda, liweke kwanza. Lipime shavuni. Likishakauka, lilete, uliseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Wewe hujanyimwa maneno mengi, umenyimwa moja tu. Sema bado."

"Ba..."

"Mwambie kuku."

Siwema akamgeukia kuku. "Bado, kuku."

"Mwambie mbuzi."

"Bado, mbuzi."

Mbuzi akaitika mee, na Siwema akacheka, mara ya kwanza tangu aolewe. Akarudi nyumbani akiliambia kila kichaka njiani, bado, bado, bado. Watu wakasema mke wa Mahimbo ameanza kuchanganyikiwa.

Kesho yake Bi Somoe akamwita Bi Chiku. Bi Chiku akaja na kelele zake tangu mbali, "Bibi, nina kazi, mawingu yale, na huyu mkwe wangu..."

"Chiku, kwa nini unamharakisha mtoto wa watu?"

"Udongo uwahi ungali maji, bibi! Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Hilo ni la kufinyanga. La kuchoma je, nilikufundisha nini?"

Bi Chiku akakaa chini. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "Bibi, na mimi nilibakiza moto mmoja. Unakumbuka. Kila nikiona wingu, naona mkeka."

"Nakumbuka. Kwa hiyo uoga ni wako, na kelele ni za Siwema?"

 Bi Somoe akamkabidhi mchi mzito wa kupondea udongo. "Uoga ukikushika, ushike huu. Ponda mpaka mdomo uchoke. Kisha sema."

Haya, jamani, nyumba ile ikapata sauti mpya. Wingu likionekana, Bi Chiku alikimbilia udongo. Tu! Tu! Tu! Akiponda wingu. Kuku akipita, tu! tu! tu! Akiponda kuku. Hakuacha mara moja, msidhani. Siku ya kwanza aliponda na kupiga kelele kwa pamoja. Lakini pumzi ya mtu ni moja, ikienda kwenye mchi mdomo unapungukiwa. Na udongo wake ukalainika, hauna jiwe, hauna uzi wa mzizi, udongo ambao haujawahi kuonekana. Mahimbo akasimama mlangoni na shoka lake, akasikiliza, akakosa sababu ya kwenda msituni. Akalitundika.

Siwema akafinyanga vyungu thelathini. Akavianika kivulini. Siku nne zikapita. Wingu likaja, safari hii si kitambaa, ni blanketi zima.

"Siwema!" akaita Bi Chiku. "Vyungu bado?"

Siwema akachukua chungu, akakiweka shavuni. Baridi.  Neno likapanda, likafika kwenye ulimi, likauona uso wa Bi Chiku. Safari hii halikurudi.

"Bado, mama."

Paukwa!

— Pakawa!

Nauliza kama mmelala. Kuku alisimama mguu mmoja. Mahimbo aliinyoosha mikono kulifuata shoka. Bi Chiku alifungua mdomo, mpana, kama mlango wa ghala. Akaufunga. Akageuka, akaushika mchi. Tu! Tu! Tu! Tu! Aliponda mpaka jasho likamshuka. Kisha akauliza, kama mtu anayeomba chumvi, "Bado siku ngapi?"

"Sita, mama. Na mvua ikija, tuviingize ndani."

Mvua ikaja kweli. Vyungu vikaingia ndani, juu ya kitanda, chini ya kitanda, kila mahali. Mahimbo akalala ameukumbatia mtungi. Siku ya sita jua likatoka. Siwema akapima, shavu kwa shavu, vyungu thelathini. Vyote vina joto.

"Tayari, mama." Safari hii ilikuwa kweli.

Moto wa tatu ukawashwa. Kuni hazikuwa tatizo, mnajua wenyewe. Kijiji kizima kikaja kusikiliza. Wuuu! Wuuu! Kimya. Wuuu! Wuuu! Kimya. Siwema akaanza kupumua.

Pa!

Moja tu. Lakini wanawake wote walishika vinywa. Siwema hakungoja kuambiwa. Aliingia ndani, akatoka na mkeka wake begani, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Mahimbo akasema, "Mimi nakwenda naye, mila au si mila." Na hakushika shoka.

Moto ukazima. Majivu yakakwanguliwa. Chungu cha kwanza kikagongwa, ngii! Kizima. Cha pili, ngii! Kizima. Thelathini, vizima vyote. Na pembeni kabisa, peke yake, kulikuwa na kichungu kidogo, vipande vipande.

Siwema akakitazama. Mdomo wa kile kichungu haukuwa wa mkono wake. Neno likampanda. Akaliweka kwanza. Akalipima. Limekauka. Akautua mkeka chini, akasema, "Nilitia vyungu thelathini. Hiki si changu. Sijui ni cha nani."

Watu wakatazamana. Bi Somoe akatazama mawingu, ambayo siku hiyo hayakuwepo. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na kama angekaa kimya, mila ingefanya kazi yake, na asingesikia tena mtu akimwambia bado.

"Ni changu."

Watu hawakumjua aliyesema. Sauti ilikuwa ndogo. Wakatafuta, kumbe ni Bi Chiku.

"Ni changu," akasema tena. "Nilikifinyanga juzi kwa siri. Nilitaka nikutelekee maji ya kwanza kwenye mafiga yako, mwanangu, kwa chungu nilichofinyanga mimi. Nikaona nimechelewa. Nikaogopa. Asubuhi nikakitia motoni kibichi, hukuniona."

Siwema alilia, akacheka, vyote pamoja. Akamwendea, akaweka shavu lake juu ya shavu la mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "si ungeniuliza? Ningekwambia bado."

Basi Bi Somoe akacheka mpaka meno yale mawili yakakaribia kuonana. "Mila ni mila! Vya Siwema vimetoka vizima, cha Chiku kimepasuka. Mkeka wa Chiku uko wapi? Arudi kwao!"

"Asirudi!" akasema Siwema. "Nani atanipondea udongo?"

Siku hiyo hiyo Siwema akapewa mafiga yake matatu, na kichungu kile kikatandazwa uani kwa Bi Somoe, karibu na kile chekundu. Bi Chiku aliendelea kuogopa mawingu hadi uzee wake, lakini wafinyanzi walikuja kutoka mbali kununua udongo wake.

Bi Somoe alikufa, kama wakongwe wafavyo, amelala. Lakini katika kijiji kile, mpaka leo, mtu akija amefura, haulizwi nani kamkosea. Huwekewa kiganja shavuni, akaulizwa, "Umekauka?" Na akijibu bado, hupewa mchi, au kivuli.

Kwa hiyo, wanangu, neno usilimeze na usilitupe. Lianike, kisha uliseme. Mmeelewa?

— Bado!

Mmeelewa sana. Hadithi yangu imeishia hapo. Mnaotaka kuipika tena, majivu yangali na moto na vyungu ni vyenu.