Dhakwan Mtia Rangi na Milango ya Mosul

Inasimuliwa, na ukweli wa mambo yaliyopita anaujua Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika mji wa Mosul palikuwa na mtu mwema aitwaye Dhakwan bin Sulaym, fundi wa kutia nguo rangi ya nili. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili katika karakana moja, chini ya tajiri mmoja, hata mikono yake ikawa ya buluu mpaka viwikoni, na watu walipomwona kwa mbali sokoni walimjua kwa mikono kabla ya kumjua kwa uso. Hakuwa mwanachuoni, wala hakutajwa kwa karama. Alikuwa mtu wa swala kwa wakati wake, mkweli wa maneno, na mwenye haya nyingi.

Tajiri wake alipofariki dunia, warithi waligawana mali. Hakuna aliyeitaka mitungi ya rangi yenye harufu ile kali; wakaiuza kwa watu wa mbali, na karakana ikageuzwa ghala ya ngozi. Dhakwan alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Majirani walikuja kumpa pole, lakini ilikuwa pole nyepesi, maana nani asiyeujua mkono wake? "Fundi halali njaa," walimwambia. Naye aliona ndivyo. Akamwambia mkewe, Lubaba binti Harith, "Haitatupita Idi hii, inshallah."

Idi ikawapita, na ya pili ikawapita vilevile.

Mosul ya siku hizo ilikuwa na karakana za rangi zaidi ya mia moja, na Dhakwan alizizungukia. Mwenye karakana wa kwanza alimkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwambia arudi baada ya Idi. Aliporudi alikuta nafasi imeshashikwa na mpwa wa yule bwana. Wa pili alimwambia waziwazi kwamba anataka vijana, kwa kuwa nguo zikilowa ni nzito. Wa tatu alimwona ni fundi mno kwa kazi iliyokuwapo. "Wewe ulikuwa mkubwa kwenu," alimwambia, "hapa utaumia moyo, nami nitaumia kichwa." Wa nne hakumjibu kitu, alizitazama tu ndevu zake zenye mvi, akaendelea na shughuli zake.

Lililomuumiza kuliko yote lilimpata kwa mtu mmoja aitwaye Ibn Nufayl. Mtungi wake mkubwa wa nili ulikuwa umekufa, yaani maji yake hayashiki nguo tena, na kuumwaga ulikuwa msiba. "Nionyeshe ufundi wako," alisema. Dhakwan akautumikia mtungi ule siku tatu. Aliutia pumba, tende na maji ya chokaa, akaufunika kwa nguo za sufu usipate baridi, akawa anaonja maji yake kwa ncha ya ulimi kama wafanyavyo mafundi. Siku ya tatu povu likapanda juu, liking'aa kama shaba. Wakatumbukiza kitambaa, kikatoka kijani, na upepo ulipokipiga kikageuka buluu mbele ya macho yao. Ibn Nufayl alimshukuru kwa maneno mengi. "Nenda ukapumzike, baba," akamwambia, "tutakuita."

Hakuitwa. Baada ya majuma mawili alipita njia ile akaona nguo zimeanikwa juu ya dari, ukuta hadi ukuta, na buluu ile aliijua ni ya mkono wake. Akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Tangu siku hiyo moyo wake ukaanza kulegea. Haikuwa njaa, kwa sababu Lubaba alikuwa akisokota nyuzi za sufu na nyuzi zake zilikuwa na wateja. Ilikuwa lile neno "hapana". Alianza kulisikia kabla halijasemwa. Alikuwa akifika mlangoni pa mtu, mkono uko juu tayari kubisha, na neno lenyewe limeshamfika kifuani. Basi asubuhi moja ya kipupwe, barabara zimejaa tope, alimuaga mkewe kama kawaida, akafika kwenye kona, na badala ya kushuka sokoni akapinda kuelekea msikiti mmoja mdogo wa mtaa wa waashi. Akaketi nyuma ya nguzo, akaleta dhikri kwa vidole mpaka adhuhuri. Aliswali kwa jamaa, akarudi nyumbani.

"Vipi leo?" Lubaba akamuuliza.

"Bado," akajibu.

Neno hilo halikuwa uongo ukilitazama kwa herufi zake. Lakini Dhakwan alijua alichokuwa nacho ndani yake. Kesho yake alifanya vilevile, na keshokutwa, mpaka zikatimia siku ishirini.

Msikiti ule ulikuwa ukifagiliwa na mwanamke mtu mzima aitwaye Rayta, aliyekuwa mtumwa zamani kisha akaachwa huru, na aliyejipangia kazi hiyo kwa kutaka radhi za Mola wake. Hakuwa na mazoea ya kusema na watu. Siku ya ishirini alifika kwenye ile nguzo na ufagio wake, akasimama.

"Inua miguu, ewe mja wa Mungu. Kila siku nakuzunguka wewe kama nguzo ya pili."

Dhakwan akaona haya, akasogea. "Niwie radhi, mama. Nimekaa hapa namwomba Mola wangu riziki."

"Unaomba, au umejificha?"

Rayta naye akafagia pale alipokuwa ameketi, taratibu, kisha akasema, "Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafagia hapa. Wanaoomba nimewaona, na waliojificha nimewaona. Anayeomba hautazami mlango kila anapoingia mtu, akiogopa asije akawa anamjua."

Akaenda zake na ufagio, hakuongeza neno. Dhakwan akainuka, hakungoja adhuhuri. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akamkuta Lubaba na kijiti chake cha kusokotea.

Akasimama mlangoni, akasema, "Mke wangu, nina jambo la kukiri. Siku ishirini sasa sijabisha hata mlango mmoja. Nakuaga asubuhi, kisha nakwenda kukaa msikitini. Nimekudanganya, na nyumba ya Mungu nimeifanya pazia."

Lubaba hakuacha kusokota. "Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Viatu vyako. Mji mzima una tope, wewe warudi na viatu vikavu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Dhakwan? Kwamba nimekukamata? Nilingoja uje mwenyewe." Hapo uzi ukamkatika, akauunga. "Nilikasirika," akaendelea Lubaba. "Usidhani sikukasirika. Siku ya kumi nilitaka kukufuata mpaka huko. Kisha nikajiuliza nafsi yangu: kila siku anaporudi namuuliza nini? Namuuliza vipi leo. Nikaona huenda nami nina sehemu yangu. Kila siku nimekuwa nikikutaka uniletee jibu ambalo haliko mkononi mwako."

Dhakwan akaketi chini.

"Basi tufanye hivi," akasema Lubaba. "Kuanzia kesho sitakuuliza wamesemaje. Nitakuuliza umekwenda wapi. Hilo liko mkononi mwako, na hilo ndilo utakaloulizwa. Waliyosema wao wataulizwa wao."

Kesho yake Dhakwan alitoka baada ya swala ya alfajiri. Alijiwekea milango minne kwa siku, hazidishi asije akachoka, hapunguzi asije akazoea kukaa. Alifua kanzu yake, akachana ndevu. Kabla ya kubisha alisema bismillahi, na alipokataliwa aliazimia kumwombea mwenye karakana baraka katika kazi yake. Mwanzoni dua ile ilikuwa nzito mdomoni kama jiwe, na kwa Ibn Nufayl ilimchukua siku tatu kuweza kuisema, na hata siku hiyo aliisema akiwa ameshafika barabarani. Adhuhuri ikiingia aliswali, akarudi nyumbani, na jioni akamsaidia mkewe kuchambua sufu.

"Umekwenda wapi leo?" Lubaba alikuwa akimuuliza.

"Nimekwenda mtaa wa washona mahema, milango miwili. Kisha kwa yule mzee wa darajani. Kisha kwa Zurara, penye lango la wachuna ngozi."

"Mungu akulipe kheri," alikuwa akisema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo hayo.

Msidhani, enyi ndugu, kwamba mambo yalifunguka hapo. Miezi minane mingine ilipita, na milango ya Mosul ni ileile, kwa hiyo palikuwa na watu aliowabishia mara tano, mara saba. Wengine walimcheka. Wengine walipomwona anakuja walijibu kabla ya salamu. Jirani yake mmoja, Abu Khaythama, alimhurumia, akamwita pembeni.

"Ndugu yangu, tatizo ni hizo mvi. Wewe mtia rangi wa mji mzima, unashindwaje kutia rangi ndevu zako mwenyewe? Zipake ziwe nyeusi, sema una miaka arobaini, utachukuliwa kesho."

Dhakwan alicheka, na Lubaba aliyekuwa ndani alikisikia kicheko kile akashangaa, kwa kuwa hakuwa amekisikia mwaka mzima. "Ewe Abu Khaythama," akasema, "nimetoka juzi tu katika uongo wa siku ishirini, na ulinichosha kuliko kutafuta kazi. Sina nguvu za kuanza mwingine."

Ukafika mwezi wa kumi na sita tangu alipoachwa bila kazi. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya baridi yenye upepo, na watu wengi hawakutoka. Dhakwan naye alisimama mlangoni akasitasita. Hakuwa na matumaini yoyote maalumu siku hiyo. Wanaosimulia wanalisisitiza jambo hili. Hakuota ndoto njema, wala hakusikia sauti. Alijifunika tu gunia kichwani, akatoka kwa sababu ilikuwa zamu ya mtaa wa lango la wachuna ngozi.

Alimkuta Zurara peke yake, mikono imo ndani ya mtungi, nguo zimelundikana sakafuni zikichuruzika. Mtu huyu alikuwa ameshamkataa mara tisa. Dhakwan akatoa salamu. Zurara hakuinua kichwa.

"Waweza kuanza sasa hivi?"

"Naweza."

"Basi vua hilo gunia ushike upande wa pili."

Walifanya kazi mpaka alasiri bila mazungumzo, maana nguo za nili hazingoji mtu. Zikikaa majini kupita kiasi zinaharibika. Zote zilipokwisha kuanikwa chini ya paa, Zurara akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamtazama, akamwambia kwamba kazi ni yake kama anaitaka, leo na siku zijazo.

Dhakwan akamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha akamshukuru yeye. Akasema, "Bwana wangu, umenikataa mara tisa. Leo umeona nini kwangu ambacho siku zile hukukiona?"

"Sikuona kitu," akajibu Zurara. "Mtu wangu ameondoka alfajiri kwenda Harran kwa wakwe zake, na amesema harudi. Nguo zilikuwa zimeshaingia majini. Nikasema, yeyote atakayepita mlango ule leo nitamshika. Ukapita wewe."

"Na angepita mwingine?"

"Ningemshika huyo mwingine."

Wanasema Dhakwan aliishi baada ya hapo miaka kumi na mitatu, yote kwa Zurara, na kila alipojiwa na mtu aliyechoka kutafuta, hakumpa mawaidha marefu. Alikuwa akimwuliza kwanza kama kuna mtu nyumbani ambaye yeye amemficha jambo, na akimwambia amwendee huyo kabla ya kwenda popote. Kisha alimsimulia siku ile ya mvua kama ilivyokuwa, bila kujipamba. "Mosul ilikuwa na mafundi walionizidi," alisema, "na huenda wachamungu walionizidi walikuwa wengi zaidi. Siku ile walikaa majumbani, kwa udhuru wao wa haki. Mimi nilikuwapo tu."

Basi tuzingatie, enyi waumini. Ziko siku ambazo mja hupewa yakini, akatoka nyumbani na kifua kipana. Hizo ni neema, naye azishukuru. Lakini siku zilizo nyingi hazina yakini ndani yake, zina tope na mvua na mlango uliokwisha kukukataa mara tisa, na siku hizo nazo zimeandikwa kuwa ni subira kwa mwenye kutoka. Afunguaye ni Mwenyezi Mungu, kwa saa aijuayo Yeye. Kwetu sisi imebaki kubisha, na kurudi nyumbani tukisema kweli.