Nani Amjibu Kirumbi?

Tegeni masikio, na mwenye jibu alimeze kwanza mpaka nimalize.

Mjini Babati walikuwako watu watatu. Mwalimu Sinyati, mstaafu, alijua kuchagua: mpe vitu kumi, atakwambia kipi kinakufaa wewe na kwa nini. Fundi Ngasa alikuwa na mikono. Redio iliyokufa ikilazwa mezani kwake asubuhi, mchana inasoma taarifa ya habari. Na Fausta, mtarizi wa mashuka, alikuwa king'ang'anizi asiyejua kuacha jambo njiani.

Wote watatu walikuwa na kinyongo na mtu mmoja, Kirumbi, mwenye steshenari kubwa karibu na stendi. Kijitabu cha jiografia alichoandika Mwalimu, Kirumbi alikichapa na kukiuza kwa jina lake mwenyewe. Ngasa aliitwa mwizi na Kirumbi mbele ya soko zima, kisha kifaa kilichopotea kikaonekana kwenye droo ya Kirumbi mwenyewe, asiombe radhi. Fausta naye, Kirumbi alimposa, akamwacha wiki ya harusi, kadi zikiwa zimeshagawiwa.

Lakini mwenye hadithi ni Nsia, aliyemchapia Kirumbi kazi kwa miaka kumi na mmoja. Siku alipoomba ruhusa ya kumuuguza mama yake, alifukuzwa.

"Chukua hiyo laptopu kuukuu, ndiyo kiinua mgongo chako," Kirumbi alisema, wateja wakisikia. "Ila ujue, bila mashine zangu wewe ni vidole kumi tu."

Nsia alifika nyumbani akaiwasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja wa maandishi meupe. Kirumbi alikuwa amefuta kila kitu kabla ya kumkabidhi. Nsia hakulia. Kesho yake alikwenda kupanga kibanda kinachotazamana na mlango wa Kirumbi.

"Nataka anione kila akiinua kichwa," alimwambia mama yake.

Sasa kibanda kipo, mashine haisemi. Mafundi wawili walimwambia mfumo wa kuendesha kompyuta, ule wa kulipia, hautaingia kwenye mashine dhaifu vile. Mmoja akamshauri atafute mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua ndani na kuurekebisha. Nsia akatafuta kwenye simu. Akakuta majina mengi kupita kiasi, kila jina na washabiki wake, na washabiki wanatukanana. Kichwa kikamzunguka. Akaenda kwa Mwalimu Sinyati.

"Usiniulize upi ni bora," Mwalimu alisema. "Niambie mashine yako ina nguvu kiasi gani, na wewe mikono yako imezoea nini."

Siku nne Mwalimu alisoma, miwani puani, akiandika majina kwenye daftari na kuyakata. Huu unataka mashine kubwa. Huu ni wa waliokwisha kujua. Huu ukikwama huna wa kumuuliza. Likabaki jina moja: Linux Mint, ile aina yake nyepesi.

"Kitufe cha kuanzia kipo pale pale unapokitafuta kwa mazoea," alisema. "Ungeanza na usiokufaa, wiki ya kwanza ungetupa taulo, na yule bwana angecheka. Simpi raha hiyo."

Ngasa, aliyeitwa na Mwalimu, aliuweka mfumo ule kwenye flashi akaichomeka. Mashine ikachemka, ikazima. Akaifungua: feni imeziba kwa vumbi, diski imeoza. Akang'oa diski ya kompyuta yake mwenyewe, akaifunga humo. Akajaribu tena, ikazima. Mara ya tatu skrini ikawaka na kukaribisha kwa Kiswahili. Nsia akaanza kushukuru, Ngasa akamkatiza.

"Kila skrubu niliyokaza, nilikuwa namwona yeye," alisema.

Ikabaki printa. Printa iligoma kata kata. Wiki ya pili Nsia alifunga kibanda mchana kweupe, akakaa chini. Fausta, aliyesikia habari zake, akaja kumtazama.

"Kirumbi alisema kweli, Fausta. Mimi ni vidole tu."

"Inuka," Fausta alimjibu. "Mimi nilirudisha kadi mia mbili kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Wewe unalia kwa ajili ya printa?"

Kila siku Fausta aliandika maswali kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule, akajibiwa na watu wa nchi asizozijua. Akajifunza amri moja moja, akamfundisha Nsia. Siku ya kumi na tisa karatasi ikatoka. Fausta alichapa jina la Kirumbi, akaitazama karatasi, kisha akaichana vipande vidogo sana.

Mwaka haukuisha, wateja wakawa wanavuka barabara kuja kwa Nsia.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, wote wanne wakiwa kibandani, Kirumbi naye akavuka. Amebeba kompyuta kifuani, jasho linamtiririka. Mashine zake zote, zilizokuwa zikitumia mfumo wa wizi, zilikuwa zimeingiliwa na virusi na hazikuwaka tena. Ndani ya hiyo aliyoibeba mlikuwa na mitihani ya majaribio ya shule kumi na nne, ya kukabidhiwa kesho. Asipoikabidhi, hakuna shule itakayompa kazi tena.

"Dada Nsia," alisema. Hajawahi kumwita dada. "Nisaidie."

Nsia alijua kwamba flashi yake yenye mfumo ule ingeiwasha ile mashine na kuyatoa mafaili yakiwa mazima. Furaha ilimjaa, furaha aliyoionea aibu.

"Sikufika hapa peke yangu," alisema. "Mmoja wa hawa watatu ndiye atakayekujibu, na atakachosema, nitafanya."

"Akiri kwanza," Mwalimu alisema. "Asimame stendi, aseme kijitabu ni cha nani, watu wakisikia."

"Afungiwe mlango," Ngasa alisema. "Mimi, kwa jina la mwizi alilonipa, nilifungiwa yote."

Fausta alitabasamu. "Asaidiwe. Tumtolee mafaili, tumwekee mfumo wetu, halafu kila asubuhi avuke barabara kuja kuniuliza mimi kitufe kiko wapi. Miaka."

Mwalimu asingechagua, Ngasa angeweka nini? Ngasa asingeiwasha, Fausta angeng'ang'ania nini? Na Fausta asingeng'ang'ania, kibanda kingekuwa kimefungwa.

Kirumbi amesimama kizingitini, kompyuta bado kifuani. Nsia anawatazama wenzake mmoja mmoja.

Haya, mlionisikiliza: mngekuwa Nsia, mngempa nani neno?