Kopo Lenye Jina Langu

Harage la kopo halinyooshi kidole. Leo asubuhi mmemsikia mhudumu wa wodi akimwambia hivyo mwenzenu aliyemwacha mgonjwa alale tu, kwa kuwa mgonjwa alimwomba kwa upole asimwinue, nanyi wauguzi wapya mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe. Methali nyingi hazina mtu wa kuzitolea ushahidi, lakini hii ilizaliwa katika wodi ya wanawake, katika hospitali moja huku kwetu Umatengo, na aliyeisababisha ni mimi Kresensia Hyera, huyu mnayemwita bibi.

Mwaka ule tuliletewa katibu mpya wa hospitali, Bwana Kapinga, mtu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na nia njema. Alikuwa ametoka semina. Huko walikuwa wameambiwa kwamba wagonjwa wanalalamikia lugha za wauguzi, na hapo sibishi, lugha zetu zilikuwa na miiba. Basi Kapinga akakusanya makopo matupu ya maziwa ya unga, akayabandika majina yetu, wauguzi sita wa wodi, akayapanga kwenye meza karibu na mlango. Kila mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa harage moja alitie katika kopo la muuguzi aliyemchangamkia kuliko wengine. Mwisho wa mwezi, mwenye maharage mengi angepewa chupa ya chai mpya, na picha yake ingebandikwa ubaoni.

Hapo ndipo mngeona watu wazima wanavyokuwa. Zenobia, mkubwa wetu kwa miaka, alilitazama kopo lake akasema, "Miaka kumi na tisa nasafisha vidonda vya watu, leo kipimo changu ni mboga." Mwenzetu mwingine, jina lake Pia, alifurahi kwelikweli. Alisema tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, na harage angalau unaweza kulishika. Kazi ya kumsindikiza mgonjwa hadi mlangoni, ambayo zamani tulikuwa tunasukumiana, ghafla kila mmoja akaipenda. Wiki ya pili maharage koponi yakazidi wagonjwa waliotoka. Jiko la ndugu wa wagonjwa lilikuwa nyuma tu ya wodi, na maharage hayakosekani jikoni. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, hakumuuliza mtu. Alileta maharage ya aina nyingine, yenye michirizi ya zambarau, akawa anayafungia kwenye droo yake na kuyatoa moja moja.

Mimi nilijifanya sina habari na makopo. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilikuwa na maharage mawili, na moja alilitia bibi mmoja asiyejua kusoma, aliyeuliza kopo lipi liko karibu. Iliniuma, siwafichi. Chupa ya chai nilikuwa nayo nyumbani. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyepangiwa vidonda na majeraha ya moto. Wale niliowashika zaidi kuliko wauguzi wote ndio waliopita mezani bila kulitazama kopo langu, kwa sababu kila walipoliona jina langu walikumbuka maumivu.

Wakati huo kitanda cha saba alikuwa amelazwa fundi cherehani, Otilia Mapunda, mwanamke wa rika langu. Pasi yake ya mkaa ilifunguka mdomo akiwa ameinyanyua, makaa yakammwagikia kiganja cha mkono wa kulia. Mnajua, au mtajua, kwamba kiganja kilichoungua kikipona hujivuta, na kikijivuta huondoka na vidole. Ukikiacha kipone kinavyotaka, mkono unabaki ngumi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpa vidonge vya maumivu, nikauloweka mkono katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikanyoosha kidole kimoja kimoja, halafu nikaufunga juu ya kibao ili usikunjike. Otilia alilia kila siku. Aliniambia mimi sikuzaliwa na mama, niliokotwa. Vidole vyake, hata hivyo, vilikuwa vimelala juu ya kibao vimenyooka.

Baada ya hesabu ile ya mwezi wa kwanza nikaamua kubadilika. Nikaanza kusalimia kitanda kwa kitanda, nikajifunza majina ya watoto wa wagonjwa, nikawa nauliza mahindi yamefikia wapi shambani. Katika hilo sina la kujutia, nilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Wagonjwa walishangaa, halafu wakazoea. Mama mmoja akaniambia kumbe nina meno mazuri.

Lakini sikuishia kwenye salamu. Asubuhi moja nilipofika kitanda cha saba na beseni langu, Otilia alificha mkono chini ya shuka.

"Dada Kresensia, leo niache," akasema. "Leo tu. Sikulala."

Zamani ningemjibu, "Toa mkono huo." Siku hiyo nikamtazama, nikalikumbuka kopo, nikasema, "Haya dada, pumzika. Tutafanya kesho."

Akanishika kwa mkono mzima, akaniita malaika. Na mimi, jamani, nilijisikia malaika. Kesho yake nikamwosha juu juu. Keshokutwa akasema kibao kinamkera, nikakitoa, nikamfunga bandeji laini peke yake. Tukawa tunapiga soga badala ya kunyoosha. Alinieleza namna ya kukata gauni lenye mikunjo, nami nikamwahidi kitambaa changu akipona. Moyoni nilijua ninachofanya. Mtu asiwaambie kwamba sikujua.

Baada ya wiki tatu hivi, kidonda kikafunga. Daktari akapita haraka, akaona ngozi imefunika, akasema kitanda kinahitajika, aende nyumbani. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka mezani, na Metroni akatoa harage lake kwenye droo, akaliweka juu ya meza mbele ya Otilia.

Otilia akanyoosha mkono wa kulia alichukue. Harage likasogea. Akajaribu tena, likateleza mpaka ukingoni. Vidole vilikuwa vimejikunja kiganjani, vyote vinne, na kidole gumba hakikuwa na mwenzake wa kushikiana naye. Ndipo akalichukua kwa mkono wa kushoto, akalitia katika kopo langu, akaniinamishia kichwa kwa aibu.

"Unisamehe dada, nakupa kwa kushoto," akasema. "Huu wa kulia bado haujafunguka. Utafunguka lini, eti?"

Aliniomba msamaha yeye. Mnajua kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na huyu alihofia asije akanidharau mimi, mimi niliyemfanya hivyo. Nilitaka kumjibu kwamba utafunguka polepole, na angeniamini, na angeondoka akinishukuru.

"Hautafunguka," nikamwambia. "Nilikuwa nakubembeleza badala ya kukutibu. Mwenye kosa ni mimi. Rudi kitandani tuanze upya, na safari hii utanichukia."

Otilia akautazama mkono wake. "Nina wateja sita wananisubiri," akasema taratibu. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha?"

"Nikakuacha."

Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Alichukua mfuko wake wa nguo kwa mkono uleule wa kushoto, akarudi kitanda cha saba, akageukia ukutani. Metroni alimfuata daktari, sikujua alimwambia nini, ila kitanda hakikuchukuliwa.

Kesho yake maharage yakahesabiwa mbele yetu sote, na mshindi alikuwa Kresensia Hyera, kwa kuzidi harage moja. Kapinga alikuwa amefurahi sana. Alinipa mkono, akasema huu ni mfano wa muuguzi anayebadilika, akaniletea chupa ya chai, nyekundu, yenye maua. Wenzangu wakapiga makofi. Zenobia naye akapiga.

Sikuipokea. Nikasema, "Katibu, harage la kopo halinyooshi kidole."

Akadhani namkejeli, uso ukambadilika. "Sasa dada, hii zawadi ina ubaya gani? Tunataka tu muwe na lugha nzuri."

"Lugha nzuri haina ubaya," nikamjibu. "Nenda kitanda cha saba, umwombe yule mama akushike mkono."

Akaenda. Sikumfuata, lakini niliwaona wote wawili kupitia mlangoni, Otilia akimpa ngumi yake, katibu akiwa ameishika hajui aifanye nini. Aliporudi aliiweka chupa juu ya meza, akaondoka. Makopo yalibaki pale miezi miwili zaidi, halafu siku moja tukakuta yameondolewa. Ile chupa tuliiacha wodini, wagonjwa wakawa wanawekewa uji.

Tulianza upya na Otilia. Wiki sita, asubuhi na jioni, maji ya chumvi, kidole kimoja kimoja, kibao. Alilia na mimi nililia, lakini sikumwachia hata siku moja. Wiki mbili za mwanzo hakunijibu salamu. Nilimsalimia hivyohivyo, kwa sababu kumsalimia mgonjwa si biashara. Siku kidole cha shahada kilipolala chote juu ya kibao, alisema neno moja tu, "Endelea." Wahudumu waliyachukua maneno niliyomwambia katibu wakayatawanya, kwanza kwa kututania, baadaye kwa kuwafundisha wageni wa kazi. Ndivyo yalivyowafikia nyinyi.

Sasa mnataka niseme mkono ulipona. Gumba kilipata wenzake, kidole cha shahada na cha kati. Viwili vya mwisho vilikuwa vimechelewa, havikurudi tena. Otilia anashona mpaka leo, polepole kuliko zamani, na magauni yenye mikunjo aliacha. Tunakutana sokoni. Hunipa mkono wa kulia kwa heshima zote, na kila anaponipa nasikia vile vidole viwili vimejikunja ndani ya kiganja changu.

Wasalimieni wagonjwa wenu, wanangu, na mcheke nao. Lakini harage la kopo halinyooshi kidole.